Safu ya Nyuma

Muyinga, 4 Mei 2025

Babu Radjabu,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua. Sefu ameniahidi kwamba Hiace yake itafika Gitega Jumanne akipata mafuta. Asipopata, barua hii itakuja na lori la mkaa, uipanguse kabla ya kusoma. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilipaza sauti hadi majirani wakaja kuamua ugomvi.

Kazi inaendelea. Kile chumba nilichokodi kwa Hajati Mwajuma karibu na soko kina watu wa picha za vitambulisho asubuhi, na wikiendi naitwa harusini. Unajua huku wanawake wa Kiislamu hawataki mwanamume aingie upande wao na kamera, na mpaka sasa mwanamke mwenye kamera ni mimi peke yangu. Hata wanaonidharau wananiita.

Nina swali la ufundi. Mwezi ujao kuna harusi. Mteja anataka picha ya wanawake wa pande mbili, safu ya mbele wamekaa, safu ya nyuma wamesimama. Wa mbele waonekane vizuri kabisa, wa nyuma wawe ukungu, ile wanayoiita "flu". Nina lenzi ya mkono wa pili iliyoandikwa 50 mm na 1.8. Lakini mara safu zote mbili zinaonekana, mara zote zinapotea, kwa sababu kamera nimeiacha ijichagulie. Nifundishe kuichagulia.

Mjukuu wako,
Yasmina


Gitega, 9 Mei 2025

Mjukuu wangu Yasmina,

Marahaba. Goti lipo, nami nipo, tunavumiliana.

Umeniuliza jambo ninalolipenda, kwa hiyo kaa chini. Kwanza iondoe kamera kwenye uvivu: zungusha kitufe cha juu hadi herufi A. Sasa mwenye kuchagua ni wewe.

Ndani ya lenzi kuna vipande vyembamba vya chuma vinavyofungua na kufunga tundu, kama mboni ya jicho la paka. Padri aliyenifundisha fizikia aliliita diafragma. Wewe liite tundu, inatosha. Wengi hukwama hapa: nambari ndogo ni tundu kubwa. Hakuna uchawi, ni hesabu ya kugawanya. Lenzi yako ni ya milimita hamsini. Ukiweka f 2, gawanya hamsini kwa mbili, tundu lina upana wa milimita ishirini na tano. Ukiweka f 8, gawanya kwa nane, unabaki na tundu la kupenya haragwe moja.

Tundu kubwa huingiza mwanga mwingi, lakini huona vizuri umbali mmoja tu. Kilicho mbele ya umbali huo na kilicho nyuma yake huyeyuka. Tundu dogo huingiza mwanga kidogo, lakini huona karibu na mbali kwa pamoja. Usiniamini tu, jaribu. Mimi nikivua miwani siwezi kusoma saa ya ukutani. Nikikunja ngumi, nikaacha kijitundu katikati ya vidole na kuchungulia, nambari zote zinasomeka. Saa haikusogea wala jicho halikupona. Kilichopungua ni tundu.

Basi ukitaka wa nyuma wawe ukungu, weka f 1.8, wasogelee wa mbele, lenga macho yao, na wa nyuma uwarudishe hatua mbili tatu. Kadiri safu zinavyoachana ndivyo ukungu unavyokolea.

Nimekujibu kwa sababu swali la fundi hujibiwa. Lakini nami nina langu. Katika picha ya harusi, safu ya nyuma ni watu, haioti kama majani. Nilipokuwa napiga picha vijijini, huko Mutaho na Nyarusange, mzazi aliweza kutembea kutoka mlima wa pili ili tu awe kwenye picha ya mwanawe, na kitu cha kwanza alichotafuta kwenye karatasi kilikuwa macho yake mwenyewe. Mteja wako anataka nani asijione?

Nitumie majaribio yako kwenye karatasi. Kwenye kioo kidogo cha simu kila kosa ni zuri.

Babu yako,
Radjabu


Muyinga, 17 Mei 2025

Babu,

Shikamoo. Nilifanya jaribio la ngumi mbele ya wateja, na sasa mtaa mzima unatembea ukichungulia ngumi.

Picha mbili zimo humu. Nilimkalisha bibi harusi mwenyewe, anaitwa Ruth, nyuma yake nikamsimamisha muuza nyanya. Tazama: kope za Ruth unaweza kuzihesabu, na muuza nyanya amekuwa moshi. Ruth aliipenda. Akaniuliza, "Siku ile mama yangu atasimama wapi?" Nikamwambia, nyuma yako. Akafurahi, akasema mama yake anashona kitenge kipya.

Kuhusu swali lako, ni mtindo tu wa kisasa. Vijana wanaupenda.

Yasmina


Gitega, 25 Mei 2025

Yasmina,

Sefu alikosa mafuta, akakaa barazani kwangu tangu asubuhi hadi alasiri. Mtu anayesubiri mafuta hafichi kitu.

Ameniambia kwamba mama yake Ruth ni M'Cirhuza, yule Mshi wa Kongo aliyekimbia kutoka Kivu ya Kusini na watoto wake, anayeuza ndagala, wale dagaa wakavu, sokoni Muyinga. Ameniambia bwana harusi ni Husni, aliyelelewa na shangazi yake, na shangazi huyo ni Hajati Mwajuma, mwenye chumba chako. Ameniambia pia kwamba Hajati amewatangazia ndugu zake wa Bujumbura na Dar es Salaam kuwa mchumba ametoka kwa wafanyabiashara wakubwa wa Bukavu. Kumzuia mama asije hawezi, maana Husni amesema mama asipokuja hakuna ndoa. Kwa hiyo Hajati amekutafuta wewe, na wewe ukanitafuta mimi.

Uliniomba kisu, ukasema ni cha mkate.

Tundu kubwa si dhambi. Nimelitumia miaka yangu yote, kwa mtoto aliyesimama mbele ya ukuta mbovu, kwa wachumba waliosimama mbele ya magari. Ukuta hauulizi kwa nini umeutia ukungu. Yule mama atauliza. Atakaposhika karatasi ile na kitenge chake kipya, atauliza, na hapatakuwa na wa kumjibu ila wewe.

Sitakuambia la kufanya. Chumba ni cha Hajati na njaa itakuwa yako. Ni rahisi mno kwa mzee wa Gitega kuwa jasiri kwa chumba cha Muyinga. Nitamaliza tu nusu ya somo niliyoiacha.

Safu zote mbili zionekane: sogeza safu zikaribiane, weka f 8, lenga kati yao, karibu zaidi na wa mbele. Gharama yake ni mwanga. Nambari hupanda hivi: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, na kila hatua inakata mwanga nusu. Ukitoka 1.8 ukafika 8, umebakiwa na karibu sehemu moja ya ishirini. Nje kwenye jua hutaona tofauti. Ndani ya nyumba, kamera italazimika kuacha jicho wazi muda mrefu, na mkono wa binadamu hutetemeka. Kwa hiyo nakutumia ile miguu mitatu yangu ya kusimamishia kamera. Mguu mmoja unateleza, ufunge kwa mpira wa baiskeli.

Radjabu


Muyinga, 3 Juni 2025

Babu,

Shikamoo. Nilikuficha kwa sababu nilijua utakachosema. Umekisema, na nimekasirika siku nzima, kwanza nawe, halafu na muuza nyanya aliyeniuliza nina nini, mwisho na yule ninayestahili kumkasirikia. Nikavaa viatu nikaenda kwake.

Hajati alikuwa uani na wanawake wanaochambua mchele wa harusi. Nikamwambia, "Hajati, nitapiga picha watu wote waonekane. Kama hutaki, tafuta mwingine."

Akacheka. "Mwingine nitamtoa wapi? Nilete mwanaume huku kwa wamama? Weye mtoto, mi sijasema umfukuze yule mama. Atakula pilau, ataimba, atacheza. Mi nasema umtie flu kidogo tu. Flu haiumi."

"Kama haiumi, nikutie wewe."

Wanawake wote waliinamisha vichwa kwenye nyungo, mabega yakiwatetemeka. Hajati hakucheka tena.

"Ile chumba yako iko na kufuli mbili," akasema. "Moja iko na weye. Ingine iko na mi."

"Na kamera iko na mi peke yangu, Hajati."

Kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha: "Sawa. Picha itapigwa ndani, chumba cha katikati, pazia zimefungwa. Sitara ya wamama. Si weye mwenyewe ulinieleza, pakiwa giza unafungua hilo tundu lako kubwa?"

Ni kweli, Babu. Nilimweleza somo lako lote nikijigamba. Amelielewa kuliko mimi.

Husni nilimwambia. Alitaka kugombana na shangazi yake siku ileile, nikamzuia, maana ugomvi wao ungeishia kwa Ruth kuolewa bila picha wala pilau. Ruth na mama yake hawajui kitu. Harusi ni tarehe kumi na nne, na miguu mitatu haijafika. Sefu anasema vituo vyote vya mafuta vya Gitega ni vikavu.

Sitarudi nyuma. Niambie tu nifanye nini gizani.

Yasmina


Gitega, 8 Juni 2025

Mjukuu wangu,

Miguu mitatu imeondoka leo na lori la mkaa. Itanuka, itafika.

Hajati ni mwanafunzi hodari, ila ameacha shule katikati ya somo. Pakiwa giza, kufungua tundu ni njia moja. Iko nyingine, nayo ni kusubiri. Mwanga ni kama maji ya bomba linalodondosha. Ndoo itajaa tu, mradi usiiondoe. Weka f 8 vilevile. Ongeza wepesi wa kupokea mwanga, ile ISO, hadi 400, usizidishe, picha isije ikawa na chenga kama unga wa muhogo. Acha jicho la kamera wazi sekunde moja, hata mbili. Usibonyeze kwa kidole, utaitikisa. Tumia ile saa ya ndani ya kamera, ijibonyeze yenyewe.

Halafu waambie wameze pumzi na kuibana, kama tulivyowaambia watu zamani. Atakayetulia ataonekana, awe amekaa kwenye kiti cha dhahabu au amesimama ukutani. Lenzi haina sharti lingine.

Usimwogope. Na ukimwogopa, fanya hivyohivyo ukiwa unamwogopa.

Babu yako,
Radjabu


Muyinga, 16 Juni 2025

Babu,

Shikamoo. Yamekwisha, na yameanza.

Chumba kile kilikuwa giza kama tumbo la nyangumi. Wote walikuwa wamejifunika mitandio, maana picha ni ya kutumwa kwa ndugu. Hajati alikaa mbele, mkono wa kulia wa Ruth, hariri na dhahabu mpaka vidoleni. M'Cirhuza na dada zake wawili walikuwa wamesukumwa hadi ukuta wa mwisho. Niliwasogeza mbele mpaka magauni yakagusana na migongo ya viti. Hajati akasema, "Waache kule kule, kuna hewa." Nikasema, "Hewa ipo hata hapa, Mama." Yeye alikuwa bado ana imani na giza lake.

Ndipo nikafungua miguu mitatu. Mmoja akauliza, "Hiyo ni bunduki?" Mwingine akajibu, "Bunduki inanuka mkaa?" Wakacheka, nikawaacha wacheke kwanza ili watulie vizuri baadaye. Nikaweka f 8. Nikasema kwa sauti:

"Mama zangu, mezeni pumzi. Mmoja akitikisika, picha imeharibika."

Hajati akatazama ile miguu, akatazama mapazia, akanitazama mimi. Nikaona ameelewa. Kamera ilipofungua jicho, akageuza kichwa kulia, halafu kushoto, kama anayetafuta mtoto aliyepotea. Nikaomba turudie. Mara ya pili akatengeneza mtandio. Mara ya tatu akajipepea kwa kichwa chote. Wenzake walisimama kama minazi isiyo na upepo. M'Cirhuza hakupepesa hata jicho. Hajati akainuka akiwa ametabasamu. "Pole, mwanangu. Inaonekana imeharibika."

Nami niliamini hivyo, Babu. Nilikuwa nimelisema mwenyewe. Nililia nikikunja miguu yako.

Kesho yake asubuhi nikazifungua kwenye kompyuta. Ruth anaonekana. M'Cirhuza anaonekana mpaka kovu la kidevuni na maua ya kitenge. Dada zake, mama zake wadogo Husni, kila mmoja unaweza kumwita jina. Na pale mbele, kwenye kiti kikubwa, kuna hariri na dhahabu, na juu ya shingo kuna moshi. Katika picha zote tatu.

Nilimpelekea zilivyo. Alizitazama, kisha akapiga kelele. "Nirudishie sura yangu!" Nilimwambia sura sikuichukua mimi. Nilipofika chumbani, kufuli ya pili ilikuwa imefungwa. Nimeketi nje na kamera na miguu mitatu. Muuza nyanya amenipa kreti nikalie.

Nicheke au nisicheke?

Yasmina


Gitega, 22 Juni 2025

Mjukuu wangu,

Mimi nilicheka, jirani akaja kuona kama nimeanguka. Kisha nikaacha.

Kwanza nikusahihishe, kwa kuwa ulikosea mbele ya watu. Mmoja akitikisika, picha haiharibiki. Kila uso hujichora kwa mwanga wake mwenyewe. Aliyetulia amejichora mara moja, akakaa. Aliyehangaika amejichora hapa na pale na pale, kote kidogo, asikamilike popote. Hajati alidhani anafuta ubao wote, kumbe kitambaa kilikuwa usoni pake.

Sasa sikiliza. Tulikataa kumtia mtu ukungu kwa hila. Tukimwacha mwingine humo kwa sababu tunafurahi, tutakuwa tumempokea Hajati kama mwalimu wetu. Mwambie utairudia picha, nje, kwenye jua, kwa masharti mawili: wawepo walewale wote, na atulie. Usikubali kumbandika kichwa kwa kompyuta. Picha iliyokusanywa mezani si picha ya mkusanyiko.

Na chumba kisiwe ndani ya mapatano. Ukirudi mle kwa kuuza sura ya mtu yeyote, hata ya Hajati mwenyewe, nirudishie miguu yangu mitatu.

Babu yako,
Radjabu


Muyinga, 1 Julai 2025

Babu,

Shikamoo. Nilifanya ulivyosema. Hajati alivimba siku kadhaa, kisha akakubali, kwa sababu ndugu wa Dar es Salaam walikuwa wanapiga simu kuuliza picha ya shangazi iko wapi. Husni na Ruth walikubali. Akabaki M'Cirhuza. Hajati akamtuma msichana amwite. M'Cirhuza akamrudisha na jibu: "Anayenitaka anajua meza yangu."

Basi Hajati akaja sokoni mwenyewe. Niliyaona yote, kwa sababu siku hizi napigia picha palepale. M'Cirhuza amenipa ukuta ulio nyuma ya meza yake, nimetundika shuka nyeupe, na vitambulisho vyote vya Muyinga sasa vinanuka ndagala.

Hajati akasimama akiwa ameshika pindo la baibui lisiguse chini. "Mama Ruth, turudie ile picha. Jumamosi, kwangu. Utakaa mbele."

M'Cirhuza hakuacha kupima. "Karibu, Hajati. Nikupimie?"

"Nakuambia mambo ya picha."

"Picha yangu iko. Niko naonekana mpaka kovu. Ruth iko, dada zangu wako. Mi sina shida na ingine."

"Lakini mi sionekani!"

M'Cirhuza akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Pole sana. Siku ile nani alikushika kichwa?"

Mtu akaangusha kopo. Hajati akanigeukia mimi, akatoa ufunguo kwenye mkoba. "Yasmina, ongea naye. Chumba iko, leo hii hii."

Nilikuwa nimeshamwonyesha M'Cirhuza picha zile na kumweleza kila kitu, Babu, tangu ombi la kwanza la ukungu, na mkono wangu ndani yake. Alininyamazia siku mbili, kisha akanionyesha ule ukuta. Sasa alikuwa ananitazama, wala si kwa kuniomba.

"Hajati," nikasema, "niliahidi kuirudia wakija wote. Wakija kwa hiari yao. Siwezi kumkamata mtu nimtie kwenye picha, kama nisivyoweza kumtoa."

"Na chumba?"

"Baki nacho."

Akaondoka akipita katikati ya vikapu, na hakuna aliyemzomea. M'Cirhuza aliwakataza kwa jicho moja tu.

Juzi aliniomba nimchapishie picha ile kubwa kuliko zote. Ameiweka ndani ya nailoni kwa ajili ya chumvi, ameitundika juu ya mizani. Wateja wakija wanaitazama, wanamtambua Ruth, wanamtambua yeye, wanasifu kitenge. Halafu wanagusa kiti cha mbele kwa kidole na kuuliza huyu asiye na uso ni nani.

M'Cirhuza anaendelea kupima.

"Ule ni Hajati, mwenye nyumba kubwa. Alishindwa kukaa na sisi hata pumzi moja."

Mjukuu wako,
Yasmina
Nyuma ya meza ya ndagala, soko la Muyinga